Heri kujikwaa dole: yaliyofichika nyuma ya kicheko cha Fawlty Towers

Wahakiki wetu wana desturi moja inayonikera. Wape riwaya au tamthilia, wataichambua hadi nukta ya mwisho. Watajie kichekesho cha runinga, watatabasamu kidogo na kusema, "Hiyo ni burudani tu." Na wale wachache wanaojitosa kukihakiki huishia kuorodhesha mbinu: hapa pana kinaya, hapa chuku, pale tashtiti, basi kazi imekwisha. Yale ambayo mtazamaji alihitaji kuyajua kabla hajacheka wanayaita mambo ya pembeni. Nani alicheza nafasi ya nani, siasa gani ilikuwa motoni mwaka huo, kipindi gani kingine watu walikuwa wakikitazama. Hayo yote, wanatuambia, ni porojo za mashabiki.

Mimi naona kinyume chake. Katika kichekesho, mambo hayo ya pembeni ndiyo aghalabu yanayoamua ni nani anayechekwa. Ukiyakosa hutacheka, ama, vibaya zaidi, utamcheka mtu asiyestahili. Nitaitetea hoja hii kwa sehemu moja tu ya kichekesho kimoja cha Uingereza: "The Germans", yaani Wajerumani, sehemu ya sita ya Fawlty Towers, iliyopeperushwa na BBC2 tarehe 24 Oktoba 1975. Fawlty Towers nzima ina sehemu 12 pekee, 6 za mwaka 1975 na 6 za mwaka 1979. Waliozitunga ni John Cleese na Connie Booth, mtu na mkewe wakati wanaanza. Kufikia zile 6 za mwisho walikuwa wameshatalikiana.

Msomaji ambaye hukubahatika kuitazama, kisa chenyewe ni hiki. Basil Fawlty ana hoteli ndogo katika mji wa pwani wa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mkewe Sybil, ambaye ndiye hasa anayeisimamisha hoteli hiyo, amelazwa hospitalini kwa ajili ya ukucha wa dole la mguu ulioota na kuingia nyamani. Basil anaachiwa hoteli. Anatakiwa atundike ukutani kichwa kilichokaushwa cha musi, yule mnyama wa Kanada mwenye pembe pana kama masinia, awafanyishe wageni zoezi la kujikinga na moto, na awahudumie wageni kutoka Ujerumani. Anayaharibu yote. Kengele ya wezi inadhaniwa kuwa ya moto. Moto wa kweli unapowaka jikoni na mhudumu wake Mhispania, Manuel, akatoka mbio akipiga mayowe, Basil anamrudisha jikoni na kumfungia huko, akiamini kwamba kilichoungua ni Kiingereza cha Manuel tu. Katika patashika hiyo Basil anapigwa kikaango cha kichwa, anazindukia hospitalini, anatoroka na bendeji yake, na kuingia hotelini wakati uleule Wajerumani wanapoketi kula.

Kichwa chake hakijatulia, lakini jambo moja analikumbuka: vita visitajwe. Anamwonya mhudumu Polly kwamba asivitaje, na kumwambia kwamba yeye mwenyewe alivitaja mara moja, ila anadhani hawakugundua.

Waswahili walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sijui kama kuna kichekesho kingine duniani kilichoigawa methali hii baina ya mume na mke kwa usawa namna hii. Sybil ndiye wa dole, na atapona. Basil ni wa ulimi.

Kwa nini ulimi unateleza? Wajerumani wanaagiza chakula, na kila wanachokiagiza kinarudi kinywani mwa Basil kikiwa kimevaa sare za jeshi. Samaki anayeitwa kwa Kiingereza herring anageuka kuwa Hermann Goering, mkuu wa jeshi la anga la Hitler. Kamba, wale wa baharini, wanapachikwa jina la Goebbels, waziri wa propaganda, na mara nyingine wanaangukia jina la Eva Braun, mwandani wa Hitler. Nyama baridi na kachumbari yake inageuka kuwa Colditz.

Hili la mwisho ndilo la kulitafakari. Goering na Goebbels wamo katika kila kitabu cha historia, lakini Colditz ni nini? Ni ngome ya kale katika jimbo la Saxony ambamo Wajerumani waliwafungia maofisa wa majeshi ya adui waliokwishajaribu kutoroka kwingine. Mtazamaji wa Uingereza mwaka 1975 hakuhitaji kuambiwa hayo, wala hakuwa ameyasoma popote. BBC yenyewe ilikuwa imeonyesha mfululizo uitwao Colditz kuanzia 1972 hadi 1974, kuhusu wafungwa hao na mbinu zao za kutoroka. Kwa hiyo Basil anapolitaja jina hilo hatoi kumbukumbu ya vita. Anatoa kumbukumbu ya sebuleni, ya mtu aliyeketi mbele ya runinga na kikombe cha chai mkononi.

Hapo ndipo kauli "ni utani dhidi ya Wajerumani" inapoanza kupwaya. Vita vya Basil ni vya kutazamwa. Katika sehemu nyingine ya Fawlty Towers anajigamba kwamba alipigana Korea na kuua watu, na Sybil anamkata kauli papo hapo: alikuwa kikosi cha wapishi. Huyu ndiye anayejitwika jukumu la kuwakumbusha wageni wake, waliokuja kupumzika tu, kwamba taifa lake lilishinda. Mmoja wa wageni anapoangua kilio, Basil anajaribu kumchangamsha. Kwanza anataka kumwigiza Jimmy Cagney, mwigizaji wa Marekani wa filamu za majambazi. Halafu anabadilisha nia: atatembea mwendo wa kuchekesha.

Neno hilo, "mwendo wa kuchekesha", lilikuwa mtego kwa mtazamaji. Mwaka 1970 Cleese huyuhuyu alikuwa amejipatia umaarufu katika Monty Python kwa mchezo wa wizara ya serikali inayoshughulikia miendo ya kipuuzi, miguu yake mirefu ikiruka huku na kule. Basi mtazamaji anakaa mkao wa kuusubiri mwendo anaoujua na kuupenda. Miguu kweli inarushwa, lakini ni ya gwaride la Kinazi, goti halikunjwi, na kidole kimewekwa chini ya pua mahali pa masharubu ya Hitler. Asiyejua habari ya ile wizara anaona kituko kimoja. Anayejua anaona viwili, na cha pili kinamfedhehesha kidogo, kwa sababu alishaanza kucheka kabla hajajua anacheka nini.

Liko na suala la Soko la Pamoja. Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, na tarehe 5 Juni 1975 wananchi wakapiga kura ya maoni wabaki au watoke. Thuluthi mbili hivi walitaka kubaki. (Huku kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imebakiza miaka miwili ivunjike, lakini hayo tuyaache.) Kura ile haikuwa imetimiza miezi mitano wakati Basil anawaambia Wajerumani kwamba sasa sote tumo sokoni pamoja na tofauti za zamani zimesahaulika, ingawa yeye binafsi hakuipigia kura ya ndiyo. Maneno yake yalikuwa lugha ya wanasiasa wa miezi ile, imechukuliwa nzimanzima na kutiwa kinywani mwa mtu asiyeiamini. Leo, baada ya Uingereza kujitoa kabisa Ulaya, mstari huo unachekesha kwa namna ambayo waandishi hawakuweza kuikusudia.

Nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba ucheshi wa namna hii hautafsiriki kwa Kiswahili. Ni kweli Goering hana jamaa katika orodha ya samaki wetu. Lakini mtafsiri akiachana na samaki na kurudi kwenye chanzo cha mzaha, yaani neno lililopigwa marufuku kujipenyeza katika maneno yasiyo na hatia, atagundua kwamba Kiswahili kimemwandalia karamu. Neno lenyewe ni vita. Hebu fikiria mwenye hoteli Mswahili aliyejiapiza kutolitamka, kisha awakaribishe wageni wake! Vitanda vimetandikwa. Vitambaa vya meza vimebadilishwa. Vitafunio viko tayari, tena vitamu. Vitasa vya milango vimekarabatiwa. Kila anachokigusa kinaanza na kile anachokikwepa, na huyu bwana sasa anasita katikati ya neno, jasho linamtoka, "vita... vita..." na mgeni anamsubiri amalize. Ngeli ya KI-VI imemfanyia kazi ambayo Cleese na Booth waliifanya kwa kutafuta majina ya makamanda mmojammoja. Ninathubutu kusema Kiswahili kingeifanya vizuri zaidi, kwa kuwa mzaha ungetoka ndani ya sarufi yenyewe.

Na hata mwiko wenyewe si mgeni kwetu. Pwani, wazee hawamtaji nyoka kwa jina lake usiku. Watasema kamba au ukambaa. Tafsida ya aina hiyo ina hatari yake: unapoambiwa usikitaje kitu, ndipo kinapokujaa kinywani. Tena sisi wenyewe tunavitaja vita kila siku bila kujua. Abiria anayepanda matatu ya kwenda Kariokor jijini Nairobi analitamka jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, kilichomeza vijana wa Kiafrika kwa maelfu. Kadhalika mwenzake wa Dar es Salaam ashukapo Kariakoo. Na mtoto aendaye shule anatumia neno la Kijerumani. Kwa hivyo mzaha wa Basil haukwami kwetu kwa kukosa historia. Unakwama kwa kukosa mtu wa kuuonyesha ulikofungwa.

Kichwa cha musi nacho kina kisa chake. Manuel amejikunyata nyuma ya meza ya mapokezi akijifunza Kiingereza kwa sauti. Meja Gowen, mzee mstaafu anayeishi hotelini, haoni mtu. Anaona kichwa cha mnyama kinachomsemesha. Wala hashtuki. Anachouliza baadaye ni kama kilitengenezwa Japani, na akiambiwa ni cha Kanada anastaajabu kwamba Wakanada nao ni werevu kiasi hicho. Mzaha huo unadai ukumbuke kwamba miaka hiyo redio na kila chombo kilichoongea kilikuwa kikitoka Japani. Hapa Mkenya aliyekulia nyumba yenye redio ya National hahitaji maelezo.

Mwisho wa sehemu hii, Basil ametimuliwa na daktari, kichwa cha musi kimeanguka, mwenye hoteli na mhudumu wake wamelala sakafuni. Mgeni Mjerumani anatazama mabaki hayo na kuuliza, kwa mshangao wa dhati, watu hawa walishindaje. Hilo ndilo neno la mwisho, na limepewa Mjerumani. Anayesema sehemu hii inawakejeli Wajerumani ameondoka kabla ya mwisho.

Sasa njoo tuwatazame waigizaji, kwani hapa porojo za mashabiki zina uzito wa aina yake. Manuel, yule Mhispania wa Barcelona ambaye Kiingereza chake kinachekesha taifa zima, aliigizwa na Andrew Sachs. Sachs hakuwa Mhispania. Alizaliwa Berlin mwaka 1930, baba yake akiwa Myahudi, na mwaka 1938 familia ikaikimbia Ujerumani ya Hitler na kuhamia London. Aliwasili akiwa mtoto wa miaka minane, Kiingereza kikiwa lugha ngeni kwake. Ballard Berkeley, aliyemwigiza Meja, alikuwa askari wa akiba wa polisi wa London wakati ndege za Ujerumani zikiushambulia mji huo kwa mabomu. Cleese mwenyewe alizaliwa Oktoba 1939, majuma machache baada ya vita kuanza. Kwa hiyo amri ya kutotaja vita ilitolewa mbele ya watu ambao vita hivyo vilikuwa vimepita majumbani mwao, na mmoja wao alifukuzwa kwao na haohao ambao Basil anawaigiza kwa kidole chini ya pua.

Tusilivute jambo hili kupita kiasi. Sisemi kwamba waandishi walipomfungia Manuel katika jiko linaloungua walikuwa wakifikiria Berlin. Hakuna ithibati ya hilo, na mhakiki anayeona maangamizi ya Wayahudi katika kila moshi anaidhalilisha kazi na historia kwa pamoja. Moshi wenyewe, kwa taarifa yako, ulikuwa wa kemikali zilizopakwa kwenye koti la Sachs, nazo zilipenya nguo zikamchoma ngozi, BBC ikalazimika kumlipa fidia. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kwamba lafudhi ya Manuel, ambayo mtazamaji mvivu huidhani ni dhihaka ya wageni, ilikuwa kazi ya mgeni. Aliijua hali ya kusimama mbele ya watu maneno yakigoma kutoka. Ndiyo maana Manuel hana ubaya wala ujinga. Ana bidii. Katika sehemu hii yeye ndiye pekee anayesema ukweli mtupu, kwamba kuna moto, na ndiye pekee asiyeaminiwa, kwa sababu ya sarufi yake.

Wakenya tunaye wa kumlinganisha naye. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alituchekesha kwa miaka mingi katika Vitimbi akiwa Mzee Ojwang, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo iliyoiva. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi walilijua hilo, na kulijua kulikuwa sehemu ya utamu: hatukuwa tunamsikiliza Mjaluo akikosea Kiswahili, tulikuwa tunamsikiliza Mkikuyu aliyemsikiliza jirani yake kwa makini mpaka akaweza kuwa yeye. Mwondolee mtazamaji habari hiyo moja tu, na mzaha uleule unageuka. Mtafiti wa kigeni atakayeitazama Vitimbi miaka 50 ijayo bila habari hiyo ataandika sura nzima juu ya ukabila katika runinga ya Kenya, na hatakuwa ametunga hata neno moja la uongo. Atakuwa amepungukiwa na mambo ya pembeni.

Watafsiri wa Fawlty Towers walikumbana na tatizo hilohilo. Uhispania ilipotaka kuionyesha, mhudumu mzembe wa Barcelona hakuweza kubaki wa Barcelona. Akabatizwa Paolo, akafanywa Mwitaliano. Katika tafsiri ya Kikatalani, lugha ya Barcelona yenyewe, akafanywa Mmeksiko. Wapo wanaoiita hiyo hadaa. Mimi naiona ni uhakiki wa hali ya juu: watafsiri hao walifahamu kwamba kinachotakiwa kuvuka mpaka si uraia wa Manuel bali umbali wake na mwenye hoteli. Kila jamii ina mtu wake wa umbali huo. Jambo la kutia aibu ni jinsi kila jamii inavyojua haraka ni nani.

Nimefika kwenye sehemu ngumu. Mapema katika kisa hiki Meja anamsimulia Basil jinsi alivyompeleka mwanamke mmoja kuwatazama Wahindi wakicheza kriketi katika uwanja wa Oval, London. Analalamika kwamba mwanamke huyo aliwaita Wahindi kwa tusi linalotumiwa dhidi ya watu weusi. Naye akamsahihisha: tusi hilo, akamwambia, ni la watu wa West Indies, Wahindi wana tusi lao, na akalitaja. Kwa mtu wa lugha, mzaha umesukwa kwa ufundi mkubwa. Meja anajiona mstaarabu kwa kuwa ana msamiati sahihi. Ni mwanaleksikografia wa matusi. Kosa analoliona ni la kamusi, na hawazii kwamba kuna kosa jingine lolote.

Mwaka 2013 BBC iliporudia sehemu hii iliyakata maneno hayo. Juni 2020, katika wimbi la maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd huko Marekani, UKTV, kampuni ya BBC, iliiondoa sehemu nzima kwenye huduma yake ya intaneti, kisha baada ya siku chache ikairudisha ikiwa na onyo mwanzoni. Cleese alikuja juu. Hoja yake ilikuwa kwamba Meja ni mabaki ya zama zilizopita, na kwamba waliyaweka maoni yake pale ili yachekwe, si ili yaungwe mkono.

Kwa kiasi kikubwa namuunga mkono. Kuifuta sehemu nzima ni kuufuta pia ule mstari wa mwisho wa Mjerumani. Lakini hoja ya Cleese ina upungufu ambao hoja yangu mwenyewe inanilazimisha kuutaja. Ikiwa kicheko kinategemea anachokijua mtazamaji, basi mwandishi hawezi kutudhaminia kicheko cha kila mtu. Miongoni mwa waliocheka Oktoba 1975 walikuwamo waliomcheka Meja, na walikuwamo waliocheka pamoja naye, wakifurahi kusikia kwenye runinga ya taifa neno walilolitumia baani. Tusi halingoji kuulizwa limekusudiwa vipi. Kijana wa Nairobi anayelisikia leo kwenye simu yake, bila habari ya Meja wala ya Oval, analisikia limetupwa kwake moja kwa moja. Mandharinyuma yanafafanua. Hayatakasi.

Na katika mabishano yote hayo, kuna mtu katika sehemu hii ambaye angepaswa kutajwa wa kwanza. Hospitalini, Basil anageuka na kumwona daktari. Daktari ni mtu mweusi. Basil anaruka kama aliyeona jini, kisha anajikusanya na kuvaa adabu ya kupita kiasi. Daktari haonyeshi chochote usoni, anaendelea na kazi yake. Ni suala la sekunde chache, na kinachochekwa bila shaka ni mruko wa Basil. Mwigizaji wa nafasi hiyo, Daktari Finn, ni Louis Mahoney. Alizaliwa Gambia mwaka 1938, akaenda Uingereza kusomea udaktari, akauacha na kujiunga na uigizaji. Mwafrika aliyeacha udaktari akarudishwa kwenye koti jeupe na runinga, ili mwenye hoteli amshtukie. Nje ya jukwaa alikuwa mwanaharakati: kupitia Equity, chama cha waigizaji wa Uingereza, alipigania waigizaji weusi wapate nafasi zisizoishia kwenye kushtukiwa.

Mahoney alifariki Juni 2020, mwezi uleule ambao sehemu hii iliondolewa na kurudishwa. Onyo lililowekwa mwanzoni linamtahadharisha mtazamaji juu ya lugha. Lingeongezwa mistari miwili: mmoja wa kumweleza Meja Gowen ni mtu wa namna gani, na mwingine wa kumtaja kwa jina yule daktari anayesimama kimya Basil anaporuka.